Salamu Kwanza, Kitanda Baadaye

Siku hizi inaitwa tovuti. Miaka ya tisini ikielekea kuisha, sisi tulisema websaiti, na watu wengi niliowaambia kwamba najifunza kutengeneza websaiti walinionea huruma. Mama mdogo, aliyenilea pale mtaa wa Lindi, Kibera, Nairobi, aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi ya kompyuta mjini, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba karibu nitapandishwa cheo, jambo ambalo halikuwa kweli kwa sababu pale kazini hapakuwa na cheo. Nilikuwa nakaa kwenye saiba moja, duka la kukodisha intaneti, katikati ya jiji nikiwaonyesha wateja jinsi ya kushika mausi ya kompyuta. Mwenye saiba akitoka, nilihamia kwenye mashine yake na kujifundisha kuandika kurasa za mtandao kutoka kwenye kitabu kilichokuwa kimechanika mwanzo. Kwa hiyo elimu yangu ilianzia sura ya tatu.

Sura hiyo ilihusu namna ya kutengeneza websaiti ambayo mtu ataitumia bila kuumwa na kichwa. Mgeni aone anachotaka mara moja. Asizungushwe. Asibonyeze-bonyeze. Asipewe maneno mengi. Niliisoma nikaiamini kama vile mama mdogo alivyoamini wokovu, na nikaanza kuwadharau watu wote duniani waliotengeneza kurasa zenye maua yanayocheza. Nilikuwa kijana bado na dharau haikunigharimu chochote.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ililetwa na mama mdogo kutoka kanisani. Alivua kitambaa cha kichwa, akakaa, akaniambia kuna mzee ananitaka Kawangware.

"Ananitakia nini?"

"Anataka hiyo kitu yako."

"Kitu gani?"

"Mimi najuaje? Hiyo kitu unasemanga."

Mzee mwenyewe nilimjua. Alikuwa fundi wa vitanda. Kwa miaka mingi alikuwa na karakana hapo hapo Lindi, na kitanda nilicholalia tangu utotoni alikitengeneza yeye, cha mbao nzito, hakikupiga kelele hata ukijigeuza kwa hasira. Baadaye sehemu ile ilibomolewa, akahamia Gatina, upande wa Kawangware, nyuma ya nyumba za ghorofa za kupangisha. Kwao ni Magharibi mwa Kenya, kama kwetu, na kwetu mtu akishapata mtoto jina lake mwenyewe linawekwa kabatini, anaitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita fundi yule jina lingine. Hapa nitamwita Baba Fulani, kwa sababu jina lenyewe la huyo Fulani nimeshaliandika mara za kutosha maishani mwangu.

Fulani alikuwa Amerika. Alikwenda kusomea uhandisi, na kanisa zima lilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, wengi wetu tukiwa hatujawahi kufika kule na wengi wetu hatujarudi tena. Baada ya muda akapiga simu kwenye duka la dawa lililokuwa jirani na karakana. Baba yake akaitwa mbio, akafika na msumeno mkononi. Kijana akamwambia ameacha masomo kidogo, anaosha vyombo hotelini. Baba Fulani aliongea na simu kama wazee wote wa wakati ule, kwa kupaza sauti ili ifike na kwa haraka ili isiishe. Akamwambia: usinipigie tena mpaka umalize shule. Akairudisha simu mahali pake. Lindi yote ilisikia.

Sasa, Fulani alikuwa kijana mwenye adabu. Hakupiga tena.

Halafu ndipo karakana ilipobomolewa, na lile duka la dawa pamoja nayo. Sanduku la posta alilokuwa akitumia mzee lilikuwa la kanisa, na kanisa lenyewe likagawanyika, na kila upande ukawa unasema ufunguo uko kwa wale wengine. Baba Fulani aliandika barua kwa anwani ya kijana aliyokuwa nayo, barua ikarudi imepigwa muhuri. Kwa hiyo baba hakujua mtoto yuko wapi, na mtoto hakujua baba yuko wapi, na kutoka asubuhi mpaka jioni watu walikuwa wakipita pale Gatina wakimwita baba kwa jina la mtoto. Baba Fulani, umeamkaje. Baba Fulani, kitanda changu kimefika wapi. Mimi si mtu wa kuhuzunika ovyo, lakini hilo lilinihuzunisha.

Nilimkuta ameinama juu ya benchi anapiga randa. Alinisalimia, akaniuliza habari ya mama mdogo, ya mguu wa mama mdogo, ya wajukuu wa jirani wa mama mdogo, ya mvua kule nyumbani, ambako mimi na yeye wote hatukuwa tumefika mwaka huo. Tulipomaliza akavuta stuli.

"Mama," akasema. Wazee wa kwetu humwita msichana yeyote mama, na unazoea. "Nasikia hiyo kitu yako inaonekana mpaka Amerika."

"Inaonekana."

"Basi nitengenezee. Ya vitanda."

"Ya vitanda tu?"

"Ya vitanda. Lakini Fulani aione."

Tulikubaliana kwamba atanilipa kwa meza ya kompyuta. Kompyuta sikuwa nayo, lakini meza ilikuwa mwanzo.

Nilirudi baada ya siku chache na mchoro kwenye karatasi, na nakiri ulikuwa mzuri. Juu jina la karakana. Katikati picha ya kitanda. Chini yake maelezo mafupi, namna ya kufika, namna ya kuandika. Ukurasa mmoja, safi, umepanguswa. Mtu anafungua, anaona kitanda, basi. Sura ya tatu ingenipa mkono.

Baba Fulani aliushika mbali na macho, akauangalia sana.

"Salamu iko wapi?"

"Salamu gani, mzee?"

"Huyu mtu ametoka huko mbali. Amefika kwangu. Hajasalimiwa unamwonyesha kitanda?"

Nilimweleza. Nilisema mtu wa mtandao ana haraka, analipia dakika, hataki kuzungushwa. Nilisema kitabu kimesema. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akachonga penseli yake kwa kisu.

"Huyo mwenye kitabu," akasema, "kwao hakuna watu?"

Tulibishana jioni nzima. Mimi nikibishana sauti yangu hupanda, na mafundi wengine waliacha kazi wakaja kusikiliza. Mwishowe nilikubali bila kutaka. Ukurasa wa kwanza ukawa salamu peke yake. Uliandikwa: Karibu kwa Baba Fulani. Habari ya huko? Uko salama? Chini yake vibonyezo viwili. Kimoja: Niko salama. Kingine: Siko salama.

Hiki cha pili ndicho kilichonitoa roho.

"Mzee, hakuna mtu atabonyeza hapa. Hakuna! Watu wetu hata mtu amefiwa, ukimuuliza uko salama anasema salama. Anakaa, anakunywa chai, halafu ndio anakwambia ameletwa na msiba."

"Najua."

"Sasa?"

"Anasema salama kwa sababu unamwangalia. Hapo kwa mashine nani anamwangalia?"

"Na akibonyeza, tumpeleke wapi? Sisi tunauza vitanda!"

"Mwambie pole," akasema Baba Fulani. "Mwambie akae kwanza. Mwambie atuandikie ni nini."

Nikatengeneza. Ukibonyeza Niko salama ulipelekwa kwenye vitanda. Ukibonyeza Siko salama ulikuta ukurasa mtupu ulioandikwa: Pole sana. Kaa kwanza. Tuandikie tujue. Na neno Tuandikie ukiligusa, ilifunguka barua ya kompyuta ikiwa tayari imejiandika kichwa chake: Siko salama. Hiyo ya kichwa kujiandika nilikuwa nimetoka kuisoma sura ya saba na nilitaka kuijaribu mahali ambapo haitaonekana na mtu.

Vita vya pili vilikuwa vya jina. Aliniuliza, watu wakifungua huu mtandao wanatafuta nini kwanza. Nikamwambia ukweli niliouona kila siku kazini.

"Wanajitafuta. Mtu akikaa hapo mara ya kwanza anaandika jina lake. Wachungaji, polisi, wanafunzi, wote. Anaandika majina yote, anangoja aone kama dunia inamjua. Dunia haimjui. Anaandika tena kwa herufi kubwa."

Nilidhani nimemchekesha. Aliweka randa chini.

"Hata huko Amerika wanafanya hivyo?"

"Binadamu ni binadamu tu, mzee."

"Basi andika jina lake."

"Nimeandika. Si hapo juu, Baba Fulani?"

"Majina yote. Matatu. Andika huku. Na huku. Kila mahali."

Ndiyo maana vitanda vyote katika websaiti ile vilibeba majina matatu ya kijana mmoja. Kulikuwa na kitanda cha Fulani wa Fulani wa Fulani cha mtu mmoja, na cha watu wawili, na cha ghorofa cha watoto wa shule. Kulikuwa na kochi la Fulani wa Fulani wa Fulani. Mtu asiyejua angefikiri huyo ni mfalme. Niliandika jina lile mpaka vidole vikawa vinaliandika vyenyewe nikiandika mambo mengine, na siku moja nililiweka kwenye risiti ya mteja wa saiba.

Jambo moja tu tulikubaliana mara moja. Baba Fulani alikuwa akitengeneza majeneza pia, maana watu wetu hawazikwi Nairobi, na mwenye safari ya mwisho kuelekea Magharibi lazima apate kitu cha kusafiria. Nilimwuliza kama tuyaweke.

"Wee!" akasema. "Kijana afungue akute jeneza kwa baba yake? Unataka kumwua?"

Ni hapo tu ambapo yeye na sura ya tatu walikaa upande mmoja.

Picha nilipiga kwa kamera ya kuazima, nikasafisha filamu, nikaipitisha kwenye skana mjini, nikaibeba kwenye disketi. Kampuni fulani ya ng'ambo ilikuwa inagawa nafasi bure kwa mtu yeyote, ikibandika matangazo yake juu. Siku tuliyopandisha websaiti, picha ya kitanda ilifunguka kuanzia juu kidogo kidogo. Kilitokea kichwa cha kitanda, halafu ukingo wa godoro, na nilikunywa chai nikamaliza kabla miguu haijafika. Nilichapisha kila ukurasa nikampelekea Gatina. Alizibandika karatasi ukutani juu ya benchi. Mwenye ploti, yaani mwenye kiwanja cha karakana, mzee wa hapo hapo Kawangware tangu enzi za babu zake, alikuja kuzisoma zote na akataka kujua kama choo cha ploti yake kinaonekana Amerika. Nilimhakikishia hakionekani. Alionekana kuumia kidogo.

Sasa niseme juu ya mlango.

Katika websaiti, mahali pa namna ya kufika, hatukuwa na anwani ya kuandika, kwa sababu Gatina haikuwa na anwani. Niliandika alivyoniambia: Ukifika Kawangware uliza njia ya Gatina. Fuata barabara mpaka kanisa la mabati. Baada ya kanisa kuna kinyozi mwenye mlango wa kijani. Ingia kichochoro cha ubavuni mwake. Ukisikia randa, umefika.

Hakuna ramani iliyowahi kunipendeza kuliko hiyo. Shida ni kwamba kabla hata msimu haujabadilika, watu wa kampuni ya soda walipita Gatina wakiwapakia wenye maduka rangi bure, na kinyozi akaamka asubuhi akiwa na mlango mwekundu wenye picha ya chupa. Alifurahi sana. Baba Fulani alipouona alisimama barabarani, na kwa habari nilizopewa, alisimama kitambo.

Kubadilisha neno moja kwenye websaiti ni kazi ya kupiga chafya. Kijani unafuta, nyekundu unaandika. Lakini Baba Fulani hakuniuliza, na mimi sikuambiwa. Alichofanya ni kununua mbao, akamtengenezea kinyozi mlango mpya kabisa, mzito, wenye bawaba nzuri kuliko duka lenyewe, akaupaka kijani, akaubeba begani mpaka pale.

Nilipopita wikendi kinyozi alinishika barabarani. Alikuwa kijana wa mtaani, mkono wake haukuacha kuchezea chanuo.

"Niaje siste. Huyo buda wako ako sawa kweli?"

"Kwa nini?"

"Ameniletea mlango, free. Anasema nisiwahi paka rangi ingine. Nikamwuliza mpaka lini, akasema mpaka Fulani akuje. Fulani ni nani?"

Nilikwenda kwa mzee moto moto. Nikamwambia, mbona usiniambie, mbona ujisumbue hivyo, mimi ningebadilisha mara moja tu.

"Ubadilishe vipi?" akasema. "Si tumeshaambia watu ni wa kijani? Labda yeye ameshasoma. Akuje atafute kijani akose, atasema nini? Atasema baba hayuko."

Nilikuwa nimejitayarisha kubishana na mtu mshamba, na nikabaki nimesimama pale na mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Barua zilianza kuja baada ya muda, kwa sababu ile ile niliyomwambia. Watu wanajitafuta. Tatizo ni kwamba majina matatu ya kijana yule si haba kwetu Magharibi. Wa kwanza kuandika alikuwa mwanafunzi wa Kanada aliyeuliza kwa nini jina lake limewekwa kwenye kitanda cha watu wawili. Wa pili alikuwa mwalimu huko Eldoret, alitaka kujua kama anadaiwa. Mwingine alikuwa mzee mzima, alisema amefurahi kukumbukwa.

Kila barua niliichapisha nikaipeleka Gatina, na kila mara nilimwona Baba Fulani anafuta mikono kwa kitambaa kabla ya kupokea. Nilimsomea. Akasikiliza. Akasema huyu siye. Halafu, badala ya kuziacha, akanipa majibu ya kuandika. Majibu yalikuwa salamu ndefu, pole kwa usumbufu, na mwisho neno moja tu lisilobadilika: Mpigie baba yako.

Yule wa Kanada alijibu kwamba baba yake alishafariki. Baba Fulani alifikiri, akasema basi apige kwa mama. Akapiga. Alituandikia tena kusema amepiga na mama amelia. Kwa upande wa biashara hatukuwa tumeuza hata kitanda kimoja.

Mimi nilianza kuchoka, nasema wazi. Meza yangu nilishapewa, ilikuwa imekaa chumbani Lindi na mama mdogo ameiwekea kitambaa cha kusuka na thermosi ya chai. Kila nilipofungua sanduku la barua la mzee na kukuta tupu, nilikasirika. Nilimkasirikia kijana aliyekuwa na adabu kupita kiasi. Hivi mtu anaambiwa usipige, hapigi? Mimi nimefukuzwa na mama mdogo mara ngapi na jioni nimekuja kula? Nilikasirikia pia kibonyezo changu cha pili. Watu wote walikuwa wanaingia kwa Niko salama, hata yule mwenye wasiwasi wa deni. Nilikuwa nimeshaamua kukifuta bila kumwambia. Ukurasa ungekuwa safi zaidi.

Asubuhi niliyokaa nikifute, nilifungua barua kwanza, kwa mazoea tu. Kulikuwa na moja. Kabla ya kuona imetoka kwa nani niliona kichwa chake, kilichojiandika chenyewe kama nilivyokifundisha.

Siko salama.

Ndani yake mlikuwa na maneno machache:

Baba, ni mimi. Nimeona vitanda. Uliniambia nisipige simu mpaka nimalize, na sijapiga. Baba, sijamaliza. Nimejaribu, imeshindikana. Naomba ruhusa kabla sijamaliza.

Nililia pale pale kwenye saiba. Sina maelezo mengine ya kutoa. Mteja wa mashine ya jirani alinyanyuka akahamia nyingine.

Nilichapisha karatasi nikaomba ruhusa ya mapema, nikadanganya kwamba kuna msiba, nikaenda Gatina. Baba Fulani alikuwa akitengeneza jeneza la mtu wa Riruta aliyetakiwa kusafiri jioni, mafundi wenzake wanapiga msumari kwa zamu. Alinisalimia. Mama mdogo? Mzima. Mguu? Unaendelea. Nilijibu yote. Alipoona karatasi akatafuta kitambaa cha kufutia mikono, akakikosa, akajifuta kwenye suruali.

Nikamsomea. Randa na nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Aliingilia wapi?"

"Sema, mzee?"

"Kwa websaiti. Alibonyeza wapi?"

"Alibonyeza siko salama."

Baba Fulani alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Palipokuwa karibu ni lile jeneza, akakaa hapo, ukingoni, mikono imening'inia katikati ya magoti. Mwenzake mmoja alitaka kumshika bega, halafu akaurudisha mkono. Yule mzee alilia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye vumbi la mbao, na hakuna aliyeangalia pembeni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kufanya hivyo.

Nilitoa kalamu. Nilijua utaratibu. Nikageuza karatasi, nikaandika juu yake Mwanangu mpendwa, habari ya huko, sisi huku hatujambo, kwa sababu ndivyo barua zote za karakana ile zilivyoanza, na nikamwambia niko tayari, mzee, tuendelee na salamu.

"Hapana," akasema. "Wacha salamu."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Futa hiyo. Wacha salamu. Mwambie akuje hivyo hivyo. Mwambie mlango ni wa kijani."

Nilirudi mjini siku hiyo hiyo nikaandika kama alivyosema, maneno yale tu, nikatuma.

Kesho yake nilipita Gatina kumwambia imefika. Hakuwepo karakanani. Nilimkuta mbele ya kinyozi na mkebe wa rangi miguuni, brashi mkononi, anapaka mlango. Kinyozi alikuwa amesimama nje na mteja aliyenyolewa nusu, wote wawili wanangoja amalize. Mlango ulikuwa wa kijani tayari. Alikuwa anauongezea.